Mwongozo kamili: Makorongo Matatu ya Mto Yangtze kwa meli, na familia nzima

Igeuze noti ya yuan 10. Nyuma yake kuna mto unaopita kati ya milima miwili iliyosimama kama miimo ya mlango. Mahali hapo panaitwa Kuimen, ndipo Korongo la Qutang linapoanzia. Kwa miaka mingi nililipia teksi na maji ya kunywa kwa noti hiyo kule Guangzhou bila kuuliza ni wapi. Siku nilipouliza, nikaamua kuwapeleka watoto.

Wengi wetu tunaokwenda China tunaijua Guangzhou: mtaa wa Xiaobei, maghala, maonesho ya biashara ya Canton, kisha uwanja wa ndege. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuongeza wiki moja juu ya safari hiyo, au kuifanya safari yenyewe, akiwa na watoto na pengine bibi yao. Sisi tulikuwa sita: mimi, baba watoto, mkwe wangu mwenye umri wa miaka 67, na watoto watatu wa miaka 13, 9 na 4.

Kabla ya yote, lijue jambo moja. Meli inakaa mtoni siku nne, lakini makorongo yenyewe unayaona kwa saa chache, karibu zote zikiwa siku ya tatu. Qutang ina urefu wa kilomita 8 tu. Ukichelewa kwenye kifungua kinywa, umeikosa. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia mwezi hadi chumba hadi saa ya kuwalaza watoto, upimwe kwa swali hili: asubuhi ya siku ya tatu tutakuwa wapi, na tutakuwa macho?

1. Chagua upande wa kusafiri

Yangtze ni mto wa tatu kwa urefu duniani baada ya Nile na Amazon, kama kilomita 6,300. Meli za kitalii za makorongo hukaa kipande kilicho kati ya Chongqing, jiji la milimani, na Yichang katika jimbo la Hubei. Kushuka na maji, Chongqing kwenda Yichang, ni siku 4 na usiku 3. Kupanda, Yichang kwenda Chongqing, ni siku 5 na usiku 4.

Mwenye watoto ashuke. Usiku mmoja pungufu ni pesa, na mtoto wa miaka minne akishafika siku ya tano melini ameshahesabu mazulia yote. Kushuka kuna faida nyingine: unaanzia Chongqing, jiji ambalo watoto watalipenda, na safari inaishia kwenye bwawa kubwa la umeme, ambalo ni mwisho mzuri kuliko mwanzo mzuri.

Habari njema kwa wanaoogopa kutapika: maji yametulia. Tangu bwawa lianze kujazwa mwaka 2003, kipande hiki ni kama ziwa refu jembamba. Mkwe wangu, ambaye boti ya Zanzibar humlaza chali, hakugusa hata ndimu.

2. Chagua mwezi, na hapa pana mtego

Miezi mizuri ni Aprili na Mei, kisha Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Hali ya hewa ni ya wastani na anga huwa na nafuu. Kwa bahati, maonesho ya Canton hufanyika katika misimu hiyohiyo, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kuunganisha kazi na familia.

Mtego ni likizo za Wachina. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba nchi nzima iko safarini, na siku za mwanzo wa Mei hali ni hiyohiyo. Bei zinapanda, treni zinajaa, na kwenye sitaha utaona visogo badala ya milima.

Likizo ndefu za shule zetu ndizo zinazosumbua. Juni hadi Agosti ni msimu wa mvua na mafuriko, na joto la Chongqing hufika nyuzi 40. Mto ukifurika sana meli husimamishwa au ratiba hubadilishwa. Desemba kuna baridi na ukungu, meli ni chache, ila bei ni nafuu. Likizo fupi ya katikati ya muhula ndiyo suluhisho langu. Wenye watoto Kenya wana likizo ya Aprili, ambayo inaangukia pazuri kabisa.

Kuna jambo ambalo mawakala hawakuelezi. Kimo cha maji hubadilika kwa msimu: majira ya baridi bwawa hujazwa hadi mita 175 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya mvua za kiangazi hushushwa hadi 145 ili kupisha mafuriko. Tofauti ya mita 30 ni kama jengo la ghorofa kumi. Kwa hiyo ukienda Juni milima inaonekana mirefu zaidi, lakini chini yake utaona ukanda wa mwamba mtupu usio na mti, alama ya mahali maji yalipokuwa. Ukienda Novemba ukanda huo umefunikwa.

3. Karatasi

Kwa pasi za Tanzania, Kenya, Uganda na majirani, viza ni lazima, na mpango wa kupita bila viza kwa saa 240 hautuhusu. Ndugu zetu wenye pasi za baadhi ya nchi za Ghuba na Ulaya wamefunguliwa mlango. Waulize ubalozi wa China walipo, maana orodha hubadilika.

Viza ya utalii ni aina ya L. Pasi iwe na angalau miezi sita ya uhai na kurasa tupu. Kwa kila mtoto andaa cheti cha kuzaliwa na nakala za pasi za wazazi wote wawili. Kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, aandike barua ya ridhaa iliyogongwa muhuri na wakili. Bebeni pia kadi za chanjo ya homa ya manjano, za watoto zikiwemo.

Mkifikia kwa ndugu au rafiki Guangzhou badala ya hotelini, sheria inataka mjiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hufanya hivyo yenyewe. Nyumba ya rafiki haifanyi. Usilipuuze hili kwa sababu tu jirani alilipuuza mwaka juzi.

4. Chumba: hapa ndipo pesa yako inapopotea au kupona

Meli nyingi za kimataifa kwenye njia hii zina vyumba vyenye vitanda viwili, bafu na roshani yake. Kwa kawaida bei kwa mtu mzima, akigawana chumba na mwenzake, huanzia kama dola 350 na kupita 600 kutegemea meli, ghorofa na msimu. Bei hiyo huwa na milo yote na baadhi ya matembezi ya nchi kavu.

Vyumba vya familia ni vichache na huisha mapema. Sisi tuliuziwa na wakala mmoja "chumba cha familia" kwa bei ya kuridhisha. Tulipofika kaunta, familia ilikuwa imegawanywa: vyumba viwili, kimoja ghorofa ya pili na kingine ya nne. Siku ya kwanza niliimaliza kwenye ngazi. Kwa hiyo kabla hujalipa, omba kwa maandishi:

- namba za vyumba na ramani ya ghorofa, ili uone kama vimepakana;
- kama kuna mlango wa kuunganisha vyumba, au kitanda cha tatu kinaongezwa kwa bei gani;
- bei ya mtoto anayelala na mzazi bila kitanda chake, na kama bei hiyo ina chakula na tiketi za matembezi;
- kama ada ya huduma, yaani bakshishi ya wafanyakazi, imo au italipwa melini;
- matembezi yapi yamo na yapi ni ya kulipia.

Swali la mwisho lina uzito. Kuna meli zinazouzwa bei ya chini halafu kila mnaposhuka mnaambiwa leteni pesa. Ukizidisha kwa watu sita utaelewa.

Ghorofa za juu zina mandhari nzuri zaidi na huwa ghali. Binafsi sioni haja. Wakati wa makorongo mtakuwa sitahani, si chumbani. Chukua ghorofa ya katikati, mbali na injini, na pesa iliyobaki ilipie matembezi.

Roshani na mtoto mdogo: ukuta wake una vyuma au kioo, lakini kuna viti na meza. Kiti kikisogezwa ukutani kinakuwa ngazi. Tulipoingia tu tuliingiza viti ndani, na mlango wa roshani ukawa haufunguliwi bila mtu mzima.

5. Kufika Chongqing

Air Tanzania na Kenya Airways zinakwenda Guangzhou. Ethiopian inakwenda Guangzhou na pia Chengdu kupitia Addis Ababa. Kutoka Chengdu, treni ya mwendokasi hadi Chongqing ni muda wa saa moja na nusu hivi. Kutoka Guangzhou ni kama saa saba kwa treni. Ndege ya ndani ni fupi zaidi, ila treni mnaona nchi.

Tiketi za treni huuzwa kwenye tovuti na programu ya shirika la reli, 12306, siku 15 kabla, kwa namba ya pasi. Mtoto wa chini ya miaka 6 anasafiri bure bila kiti, mmoja kwa kila mtu mzima. Wa miaka 6 hadi 14 analipa nusu.

Kama mnaruka kwa ndege ya ndani, angalieni pawabanki zenu. Tangu Juni 2025 zisizo na 3C, alama ya usalama ya China, hazipandi ndege za ndani ya China, na zile tulizonunua barabarani nyumbani nyingi hazina.

Fikeni Chongqing siku moja kabla. Meli haingoji treni iliyochelewa, na jiji lenyewe linastahili. Treni ya mjini hupita katikati ya jengo la ghorofa kwenye kituo cha Liziba, na watu hukusanyika chini kuipiga picha ikiingia ukutani. Kijana wangu wa miaka tisa alitaka tuione mara nne. Tuliiona mara tano.

6. Simu na pesa, kabla hujatoka nyumbani

WhatsApp, Google na Facebook hazifunguki kwenye mtandao wa China. Ukitumia laini yako ya nyumbani kwa huduma ya nje ya nchi, au ukanunua eSIM ya wasafiri, kwa kawaida zinafunguka. Kwa vyovyote, pakua programu ya kutafsiri pamoja na lugha ya Kichina ya kutumia bila intaneti. Katikati ya milima mtandao hukatika, na wi-fi ya melini ni ya kubahatisha.

Malipo ni kwa simu. Sakinisha Alipay ukiwa nyumbani, thibitisha pasi yako, unganisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard, na iarifu benki kwamba unakwenda China wasije wakakufungia. Malipo ya kadi ya kigeni yanayozidi yuan 200 kwa mara moja hukatwa asilimia 3. Bado beba fedha taslimu, noti ndogondogo, kwa ajili ya wachuuzi na wachukuzi. Umeme ni volti 220, karibu sawa na kwetu, lakini plagi yetu ya miguu mitatu mipana haiingii. Chukua adapta mbili.

7. Chakula

Nakaa kidogo hapa kwa sababu ndicho kinachowarudisha watu njiani.

Melini ni meza ndefu ya kujihudumia mara tatu kwa siku: wali, tambi, mayai, samaki, kuku, mboga za aina kumi. Nguruwe yupo kila siku, na mara nyingi amejificha: amesagwa ndani ya tofu, ametiwa kwenye maharage mabichi, au mafuta yake yamekaangia mboga. Siku ya kupanda, nenda kaunta na uwaonyeshe maneno haya kwenye simu: 我们不吃猪肉, 也不吃猪油, yaani hatuli nguruwe wala mafuta yake. Kwetu mpishi alituwekea meza pembeni, na kila mlo akaleta samaki wa mvuke na wali mweupe. Wanaotaka nyama ya halali hawataipata melini kwa uhakika. Ni samaki, mayai na mboga kwa siku nne. Mjini tafuteni alama 清真 kwenye kibao cha mgahawa. Maduka mengi ya tambi za Lanzhou ni ya Waislamu na yako karibu kila mji.

Kichina kingine cha lazima ni *bu la*, isiyo na pilipili. Chongqing ni nyumbani kwa chungu cha moto, supu nyekundu inayochemka mezani, na pilipili yao ndogo ya mbegu haiwashi tu bali inatia ganzi ulimi. Usimpe mtoto kwa utani.

Maji ya bomba hayanywewi. Chumbani kuna birika, na kila kituo cha treni kina bomba la maji ya moto. Bebeni chupa ya chai, majani yenu, iliki, sukari, na pakiti chache za uji wa mtoto. Mkwe alibeba pia achari ya ndimu, nikamcheka. Kufikia siku ya pili nilikuwa naiomba.

Kwa wanaoswali: kibla kutoka huko ni magharibi, ikiinama kidogo kaskazini. Lakini mto unapinda na meli inapinda nao, hivyo mshale ulioutazama adhuhuri hauna kazi alasiri. Tazama dira ya simu kila mara. Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa 5, na ratiba ya meli huandikwa kizungu: 07:00 ni saa moja asubuhi. Mwandikieni bibi ratiba yake kwa Kiswahili, la sivyo atakuwa sitahani saa saba ya usiku.

8. Kupanda meli

Meli nyingi huanzia gati la Chaotianmen, ambapo mto Jialing unaingia Yangtze. Maji ya rangi mbili yanaonekana yakikutana. Kupanda ni jioni, kuanzia saa kumi na mbili hivi, na meli hung'oa nanga usiku. Thibitisha gati siku hiyohiyo asubuhi, kwa kuwa wakati mwingine hubadilishwa, na gati moja linaweza kuwa na ngazi nyingi sana kuliko jingine.

Chongqing ina wachukuzi wake, *bangbang*, yaani watu wa fimbo. Mzee mmoja mwembamba alifunga masanduku yetu mawili makubwa kwa kamba, akayaning'iniza kwenye ncha mbili za mwanzi, akauweka begani na kuanza kushuka ngazi kwa hatua fupi za kuchezacheza, mwanzi ukipanda na kushuka kwa mwendo wake. Mkwe akasimama. "Huo si mzega huo?" Ulikuwa mzega, uleule waliobebea maji kwao Pangani. Patana bei kabla mzigo haujainuka, kwa kuandika tarakimu kwenye simu.

Mkishaingia: hudhurieni mafunzo ya usalama, watoto wote wakiwepo. Tafuta majaketi ya kuokolea chumbani uone kama kuna saizi ya mtoto. Kama hakuna, omba hapohapo, si kesho. Kisha chagueni mahali pa kukutana. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngamani yetu ilikuwa kiti chekundu mkabala na kaunta, na kila mtoto alijua kwamba akipotezana nasi anakaa pale, hazunguki.

Piga picha kadi ya meli yenye jina lake kwa Kichina na namba ya chumba, mpe kila mtoto nakala mfukoni. Namba za dharura China ni 110 polisi na 120 gari la wagonjwa.

9. Siku kwa siku

*Siku ya pili* huwa ya kushuka Fengdu au Shibaozhai, kutegemea meli. Fengdu ni "mji wa mizimu": mlima wenye mahekalu ya ahera ya Kichina, na sanamu za wakosaji wakisagwa, wakikatwa na kukaangwa. Mtoto wa miaka 13 ataona ni jambo la kusimulia shuleni. Wa miaka minne ataota. Mmoja wetu alibaki melini na kitinda mimba, na sijutii. Ukipewa kuchagua, chukua Shibaozhai: mnara mwekundu wa mbao wa ghorofa 12 ulioegemea mwamba, unaopandwa kwa ngazi za ndani zilizobana. Maji ya bwawa yalipopanda walijenga ukuta kuuzunguka, sasa umebaki kama kisiwa. Wenye magoti mabovu wautazame kutoka chini.

Mchana huo huo angalia kingo za mto. Zaidi ya watu milioni 1.2 walihamishwa kupisha bwawa, na miji unayoiona juu ya vilima, myeupe na ya majengo yanayofanana, ni mipya. Ile ya zamani imo chini yako.

Usiku wa siku ya pili walazeni watoto mapema. Kuna burudani ya ngoma na mavazi ukumbini, achaneni nayo.

*Siku ya tatu.* Uliza kaunta jioni iliyotangulia meli itaingia Qutang saa ngapi, maana hubadilika kila safari. Weka kengele dakika 40 kabla. Vaeni makoti hata kama ni Mei, na mpande sitaha ya juu, upande wa omo. Nendeni na chai kwenye chupa.

Sisi tulitoka saa kumi na mbili kasoro, kuna ukungu, na injini imepunguzwa. Kwanza hakukuwa na kitu ila weupe. Halafu kuta mbili zikajitokeza, kulia na kushoto, zikaendelea kupanda hadi shingo ikachoka. Kifungua mimba wangu alikuwa na noti ya yuan 10 mkononi ili tuipige picha ikilingana na mlango wenyewe. Akainyoosha nje ya uzio, nikasema mwanangu shikilia, na upepo wa korongo ukaichukua. Tuliitazama ikishuka taratibu hadi majini. Pigeni picha mkiwa mmerudi nyuma ya uzio hatua mbili, na mshike noti kwa mikono miwili.

Qutang huisha kwa nusu saa hivi. Ndiyo fupi na nyembamba kuliko zote. Baadaye inakuja Wu, kama kilomita 45, yenye mapindo mengi na vilele vinavyoingia mawinguni. Kimoja, Kilele cha Malaika wa Kike, kina jiwe juu yake linalofanana na mwanamke aliyesimama. Watangazaji huelekeza upande gani wa kutazama, mara nyingi kwa Kichina na Kiingereza, kwa hiyo fuata vidole vya watu. Hapa watoto wanaweza kupokezana kulala. Wu ina muda wa kutosha.

Katikati ya makorongo hayo mnahamishiwa boti ndogo kuingia kijito cha pembeni: Makorongo Madogo Matatu ya mto Daning pale Wushan, au kijito cha Shennong pale Badong, au kingine. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, nzuri kuliko mto mkubwa. Maji ni ya kijani, kuta ziko karibu, na Daning kuna nyani kwenye miamba. Pia kuna majeneza ya kale yaliyopachikwa kwenye nyufa za magenge, juu mno, na mpaka leo watu hubishana yalifikishwaje. Inachukua karibu nusu siku, vyoo si vya kutegemea, kwa hiyo nepi, maji na kofia viwe mkobani. Usikubali boti kuondoka mtoto akiwa hana jaketi.

Korongo la tatu, Xiling, ndilo refu kuliko yote, lakini sehemu yake hupitwa jioni au usiku, na nyingine iko chini ya bwawa ambako meli haifiki. Usimlaumu mtu, ndivyo njia ilivyo.

*Siku ya nne* ni bwawa la Makorongo Matatu pale Sandouping. Ujenzi ulianza 1994, na mitambo yote mikubwa 32 ilikuwa inafanya kazi kufikia 2012. Ukuta una urefu wa zaidi ya kilomita 2.3. Watoto walikuwa wanapiga miayo mpaka baba yao alipowauliza bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji linatoa umeme kiasi gani. Megawati 2,115. Hili ni 22,500. Basi kukawa na hesabu, na ubishi wa ni mara ngapi, na mkubwa akakumbusha kuwa lile nalo limejengwa kwenye korongo. Kuna ukaguzi kabla ya kuingia: kisu na kiberiti viacheni kwenye sanduku.

Kuna kitu cha kulipia ambacho nakishauri kama meli yenu inakitoa: lifti ya meli. Ni beseni kubwa la maji linaloinua au kushusha chombo cha hadi tani 3,000 kwa mita 113, mkiwa ndani yake, kwa muda wa kama dakika 40. Njia ya kawaida ya meli za mizigo ni malango matano ya ngazi, ambayo huchukua saa kadhaa. Mtoto yeyote aliyewahi kucheza na kikombe kwenye ndoo ataelewa furaha yake.

10. Kushuka na kurudi

Usiku wa tatu fungeni hesabu kaunta na mchukue pasi zenu kama zilishikwa. Safari huishia kwa kawaida gati la Maoping, juu ya bwawa, kisha basi huwapeleka Yichang kwa muda wa saa moja hivi. Kutegemea matembezi ya bwawa mnaweza kufika mjini adhuhuri au alasiri, kwa hiyo msinunue treni ya kabla ya saa kumi na moja jioni. Aliyechoka alale Yichang usiku mmoja.

Kituo ni Yichang Mashariki. Wuhan ni kama saa mbili kwa treni. Guangzhou ni safari ndefu. Abiria wa meli nzima hukimbilia treni zilezile, basi nunueni siku 15 kabla, behewa moja, viti vilivyofuatana. Na yule wa chini ya miaka 6 anayesafiri bure hana kiti: ama mumpakate hadi Guangzhou, ama mumkatie tiketi ya nusu akae chake. Mimi nilimkatia.